Alhamisi za Wanaume: Mudathiri Namtimba Anaaga Ofisi

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Ndugu Mudathiri Abdulkadiri Namtimba, ambaye ofisini na mitaani tumezoea kumwita Baba Shamila, anastaafu baada ya kuitumikia elimu ya watu wazima kwa miaka thelathini na mitatu. Alianzia Masasi akiwa kijana mwembamba wa kupeperushwa na upepo, anamalizia Newala akiwa babu wa wajukuu, na katikati ya hapo hajawahi kupangiwa kituo kisicho na mikorosho. Mimi, Shamsia Suleimani, yaani Mama Mudi, nimekaa naye chumba kimoja kwa muda mrefu, meza yangu ikitazamana na yake, ndiyo maana wenzangu wamenipa kazi ya kumwandika. Nilikubali upesi kabla hawajabadili mawazo.

Baba Shamila alizaliwa Masasi mjini, katika ukoo wa Wayao wanaochanganya duka na shamba. Baba yake, marehemu mzee Abdulkadiri, aliuza vitambaa sokoni, na msimu wa korosho ukifika alifunga duka akaenda kuokota. Alitaka mwanawe arithi duka. Mudathiri alijaribu. Tatizo likawa kwamba alikuwa akiwasimulia wateja visa mpaka wanasahau walichokuja kununua. Wanaaga, wanacheka, wanaondoka mikono mitupu. Mzee alivumilia msimu mmoja, kisha akamwambia, "Mwanangu, nenda kafundishe. Huko watu wanakaa chini kusikiliza." Serikali ikampata mtumishi, na duka likasalimika.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa vijiji vya kuzunguka Lulindi, akifundisha kisomo, yaani kuwawezesha watu wazima kusoma na kuandika. Aliazimwa ukumbi wa kanisa. Siku ya kufungua darasa alikuja mwanafunzi mmoja tu, Bibi Ethel, ambaye alikuwa anasoma vizuri tangu utoto wake wa misheni. Alipoulizwa kwa nini basi amekuja, alijibu kwamba amekuja kuangalia kama mwalimu mwenyewe anajua. Alikaa mpaka mwisho wa somo, akatoka, na wiki iliyofuata ukumbi ukajaa. Baba Shamila husema yule bibi ndiye mkaguzi pekee aliyewahi kumtetemesha.

Alipohamishiwa Newala alikuta Chimakonde kinamsubiri. Alijifunza kwa bidii, ila lafudhi ya Chiyao haikumtoka. Katika mkutano wake wa kwanza wa kijiji alidhamiria kusema "tuanze", akatamka neno jingine. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akaahirisha mkutano. Nimeuliza wengi maana ya neno lile, na hadi leo hakuna aliye tayari kunitafsiria. Halafu kuna kisa cha pikipiki ya ofisi katika mchanga wa Chilangala, alipoanguka na katoni nzima ya chaki na kufika darasani mweupe kuanzia nywele hadi viatu. Alifundisha hivyo hivyo. Wanafunzi wake wanasema siku ile hawakusahau hata herufi moja.

Hayo ndiyo mambo yanayojulikana. Lakini kazi itakayofanya jina lake likae katika uwanda huu ilianza kwa bahati, katika darasa la wanaume kule Mnyambe.

Aliwapa zoezi jepesi: kila mmoja aandike sentensi moja juu ya nafsi yake. Akakusanya madaftari, akasoma. Karibu wote walikuwa wameandika, "Mimi ni mzima." Kulikuwa na aliyefiwa mwezi uliopita, kulikuwa na ambaye mkewe alikuwa ameondoka na watoto, kulikuwa na ambaye kila mtu kijijini alijua analala kilabuni. Wote wazima. Baba Shamila alirudi ofisini siku ile akawa anazunguka chumba. "Mama Mudi," aliniambia, "wanaume wale hawashindwi kuandika. Wanashindwa kusema."

Wiki iliyofuata hakuuliza habari za mtu yeyote. Aliwaambia waandike juu ya fisi. Fisi wa ngano, yule mlafi tuliyemcheka sote utotoni. Basi mwanamume mmoja akasimama kusoma kisa alichokitunga mwenyewe, cha fisi ambaye kila akirudi nyumbani watoto wake wanajificha uvunguni, naye hajui kwa nini, maana anadhani ana sura nzuri. Darasa lilicheka. Alipomaliza, mzee mmoja aliyekaa nyuma akauliza kwa upole, "Huyo fisi anakunywa gongo?" Wakacheka tena, na msomaji akacheka nao. Kisha akakaa, akajifunika uso kwa daftari, akalia. Hakuna aliyemnyamazisha. Mwenzake aliyekuwa karibu alimshika bega tu, somo likaendelea.

Hapo ndipo zilipozaliwa Alhamisi za wanaume. Kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri, katika darasa la shule lililo wazi, wanaume wa dini zote na lugha zote wanakaa kwenye mabenchi ya watoto, magoti yakiwagusa kidevu, wanasimuliana ngano, wanategana vitendawili, wanatunga mashairi ya vina na mizani. Sharti lilikuwa moja: kisa kikishasimuliwa, hakuna kumuuliza mtu kama ni chake. Mwenye kutaka kusema zaidi atasema. Baba Shamila aliita jambo hilo kazi ya ndani. Alisema mwanamume anafundishwa kulima, kujenga na kuoza mabinti, lakini akipata donda asiloweza kulionyesha, hana pa kulipeleka. Basi alipeleke kwa fisi na sungura, wao wana nafasi.

Mwanzoni kulikuwa na maneno. Wengine walisema ni siasa, wengine wakasema ni jando la wazee. Mama Mwanne, kiongozi wa akina mama wa pale, alifika ofisini akiwa amejifunga kanga kiunoni, akitaka kujua kama ni kweli waume zao wanafundishwa kuoa wake wa pili. Baba Shamila alimkaribisha chai, akamweleza. Mama Mwanne alisikiliza, akanywa, akaondoka bila kutoa uamuzi. Baada ya mwezi alirudi. "Endeleeni," alisema. "Wangu juzi kaniuliza nimeshindaje." Tangu hapo chai ya Alhamisi inapikwa na yeye.

Sasa nafika kwenye habari ambayo nimeomba ruhusa kuiandika. Wenye nayo, Ndugu Selestini na mkewe Mabel, wamesema niandike yote, pamoja na majina.

Selestini ni mkulima wa Mnyambe, mtu wa mwili mkubwa na sauti ndogo. Alianza kuja Alhamisi kwa kuletwa na rafiki yake Mujibu, dereva wa bodaboda. Alikaa karibu na mlango, akasikiliza, hakusema. Siku moja Baba Shamila akasimulia hadithi ya kale ambayo kila mzaliwa wa uwanda huu ameisikia kwa wakubwa wake: jinsi mtu wa kwanza alivyoishi porini peke yake, akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha nje ya kibanda chake, na kulipopambazuka akakuta ni mwanamke anayepumua. Wakaishi karibu na mto. Mwanamke akajifungua, mtoto akafa. Wakapanda juu kidogo, akajifungua tena, mtoto akafa. Wakapanda hadi juu kabisa, kwenye uwanda mkavu usio na mto, na huko mtoto wa tatu akaishi, na kutoka kwake watu wakawa wengi. Ndiyo maana, wazee husema, tunakaa juu na maji tunayafuata bondeni.

Kwa kawaida hadithi hiyo ikiisha watu wanapiga makofi. Siku ile Selestini alisimama.

"Na wale wawili?" aliuliza.

Baba Shamila hakumwelewa. "Wawili gani, ndugu yangu?"

"Waliobaki kule chini. Baba yao aliwazika wapi? Hadithi yako inapanda tu. Inapanda kama vile hawakuwepo."

"Haisemi," Baba Shamila alijibu. "Wazee hawakutuambia."

"Hawakutuambia," Selestini alirudia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa kubwa. "Hawatuambii kitu." Akachukua kofia yake, akatoka. Mujibu alimfuata hadi barabarani, akamwona anaelekea nyumbani, akaridhika.

Asubuhi yake, kabla sijafungua hata dirisha la ofisi, nilimkuta Mabel kwenye benchi la nje. Alikuwa amevaa kandambili zisizofanana. Aliniambia mumewe ameamka alfajiri, ameondoka bila kuaga, na simu ameiacha juu ya kitanda.

"Amechukua nini kingine?" nilimuuliza.

"Jembe."

"Basi yuko shamba."

"Shamba nimetoka. Hayuko." Alinitazama. "Mama Mudi, mtu anayeacha simu hataki kutafutwa."

Wakati ule Baba Shamila aliingia, nikamweleza. Nilijua anafikiria hadithi ya jana, kwa kuwa na mimi niliifikiria hiyo hiyo. Alimwinamia Mabel, akamuuliza taratibu kama yeye na Selestini wamewahi kupoteza watoto.

Mabel aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema. Walipooana walikuwa wakilima mpunga bonde la Ruvuma, kwao Mabel. Huko alijifungua binti, akafariki siku hiyo hiyo. Mwaka uliofuata akajifungua wa kiume, naye vilevile. Kwa desturi ya ukoo wake, mtoto anayefariki kabla ya kutolewa nje huzikwa na akina bibi peke yao. Baba haitwi wala haonyeshwi mahali. Walihamia Mnyambe, wakapanda mikorosho, na habari ile haikutajwa tena kati yao. "Nilidhani amesahau," Mabel alisema. "Nilimwonea wivu kwa hilo."

Baba Shamila aliinuka. "Yuko bondeni," akasema, na akampigia Mujibu.

Walishuka na pikipiki ile njia ya genge, ukingo mkali wa uwanda wetu, ambayo hata akishuka mbuzi unamwombea dua. Baada ya kona za mwanzo mtandao wa simu ukakatika, na sisi tukabaki kusubiri. Sitasahau asubuhi ile. Mama Mwanne alikuja akapika uji, Mabel hakuugusa. Kila pikipiki iliyopita ilitusimamisha. Wafanyakazi wa vyumba vingine walikuja mmoja mmoja, wakakaa nasi bila kuulizana kwa nini kazi zimesimama.

Yaliyotokea kule chini nimeyapata kwa Mujibu, ambaye husimulia vizuri kuliko anavyoendesha. Walimkuta Selestini mzima, amekaa chini mbele ya jiko la Bibi Esha, mkunga mzee wa kijiji kile, jembe likiwa magotini. Baba Shamila alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ambayo hata kuku walikimbia.

"Shikamoo, Bibi," akaamkia.

"Marahaba. Huyu ni wako? Mchukue. Tangu asubuhi amenikalia hapo, hata maji hataki."

Baba Shamila hakumchukua. Alikaa chini kando yake. Mujibu naye akakaa.

"Sasa mmekuwa watatu," Bibi Esha alisema. "Hii shughuli si ya wanaume. Hamuijui."

"Ni kweli, Bibi, hatuijui. Ndiyo maana tumekuja kuuliza."

Bibi Esha alipekecha moto, akageuza chungu, akarudi kuwatazama. Hakuwa na ukali usoni. Aliwaeleza kwamba wao akina bibi walifundishwa na mama zao kuficha mahali pale kwa huruma. Baba akionyeshwa atakaa akipaangalia. Asipojua, ataenda shamba, atalima, ataishi.

Selestini akainua kichwa. "Bibi, mimi sijalima. Tangu siku ile naonekana nalima. Naangalia kila mahali, kila kichaka, kila kichuguu, kwa sababu sijui ni wapi."

Bibi Esha aliepua chungu, akajitanda kanga yake, akatangulia. Aliwapeleka ukingoni mwa majaruba ya zamani ya mpunga, mahali palipoota majani marefu, akayatenga kwa mkono wake. Kulikuwa na mawe mawili madogo, yamelala pamoja. Alisema, "Huyu ni wa kwanza, huyu ni mdogo wake. Niliwalaza kwa mikono yangu. Niliwaimbia." Selestini akapiga magoti. Alikuwa hajui kwamba waliimbiwa.

Akalima pale. Alilima polepole, majani yote, hadi pakawa safi kama uwanja wa nyumba. Baba Shamila na Mujibu walizoa majani. Kisha Selestini akawaita watoto wake kwa majina. Wa kwanza alimwita Regina, jina la mama yake mzazi, ambalo yeye na Mabel walikubaliana kabla mtoto hajazaliwa. Wa pili hakuwa amepangiwa jina. Alifikiri, akamwita Sijaona. Kwetu hilo ni jina la kawaida, wapo wengi tu wanaoitwa hivyo na hawajiulizi linasema nini. Mujibu anasema tangu siku ile kila akimsikia mtu anaitwa Sijaona, lazima asimame kidogo.

Sisi huku juu hatukuyajua hayo. Jua lilikuwa limefika utosini simu yangu ilipolia. Niliona jina la Baba Shamila nikaogopa kuipokea. Mama Mwanne akaniambia, "Pokea, mwanamke!"

"Yupo," Baba Shamila alisema kabla sijasema halo. "Mzima. Tumesimama hapa genge linapoishia. Mpe mkewe simu."

Nilimpa Mabel, nikaiweka sauti ya juu. Upepo ukasikika, kisha sauti ndogo ya Selestini.

"Mama Regina."

Mabel aligeuka nyuma, kana kwamba kuna mwanamke mwingine ameingia. "Nani?"

"Wewe. Mama Regina. Nimewaona walipo. Nitakupeleka."

Wanawake wa huku wanaitwa kwa majina ya watoto wao. Mimi ni Mama Mudi, mwenzangu Mama Mwanne, mke wa mstaafu wetu Mama Shamila. Mabel alikuwa ameishi Mnyambe miaka yote akiitwa Mabel. Aliweka simu mapajani, akaanza kulia kilio ambacho hakikutuogopesha, kile cha mtu aliyetua ndoo baada ya kupanda nayo mlima. Mama Mwanne alimkumbatia, akamwaga uji wote, akacheka, akalia. Ofisi nzima ilivuta pumzi. Mhasibu wetu, ambaye si mtu wa kukumbatia watu, alinikumbatia mimi, halafu akaomba radhi.

Alhamisi iliyofuata Selestini alirudi darasani. Hakukaa mlangoni. Alisema amejaribu kutunga, kama wenzake watavumilia, na akakariri ubeti huu, ambao sasa wengi wetu tunaujua kwa moyo:

Sikuwaona machoni, sura zenu sikujua,
Mkaondoka jioni, nami sijawachukua,
Leo nashuka bondeni, njia nimeitambua,
Baba yenu nimekuja, kuwaita kwa majina.

Mtoto mwingine hawakupata, na hawafichi. Wanamlea binti wa dada yake Selestini, anayesoma sekondari na kuwazidi wote kwa kelele. Shamba lao la mikorosho sasa ni la kuoneshwa wageni. Kila mwaka kabla ya mvua wanashuka wawili kusafisha ule uwanja mdogo, na wakipita kwa Bibi Esha wanampelekea sukari.

Tangu wakati huo Baba Shamila hakusimulia tena hadithi ya mtu wa kwanza kwa namna ile. Anafika pale familia inapoanza kupanda, anasimama, anawauliza wanaume mtu yule na mkewe walifanya nini pale mtoni kabla ya kuondoka. Kila mara jibu linakuwa tofauti. Nimesikia kupitia dirishani mtu akisema baba alipanda mti. Mwingine akasema aligombana na mkewe njia nzima kwa sababu hakujua namna ya kulia. Mzee mmoja akasema hakuondoka kabisa, walioondoka ni miguu yake. Wengine wamesema mambo ambayo sheria ya Alhamisi hainiruhusu kuandika. Lakini najua wanaume walioingia pale wakiwa na hasira ya kuvunja nyumba wakatoka wakatengeneza uzio. Najua wawili waliorudiana na ndugu zao baada ya kugombea mashamba ya wajomba. Leo kuna mabaraza ya namna hiyo Chilangala, pembezoni mwa Masasi, na katika vijiji ambavyo Baba Shamila mwenyewe hajavifikia, kwa sababu waliojifunza kwake walihama wakayabeba.

Nisimfanye malaika. Anachelewa vikao vyote. Anakopa kalamu na kuzirudisha zikiwa zimetafunwa. Akianza kuimba kaswida tukiwa safarini, dereva huongeza mwendo. Na katika mwaka huu wa mwisho alikuwa msumbufu kuliko kawaida, hatulii, anakagua mambo mara mbili, anamwuliza kila mtu nani atashika Alhamisi. Selestini na Mujibu walikuwa tayari wanazishika, kila mtu aliona hivyo. Yeye peke yake hakuwa na hakika. Mkewe, Mama Shamila, bibi Rukaiya kwa jina lake, aliniambia alikuwa hali chakula vizuri.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa barazani mwa darasa nikimsaidia Mama Mwanne kumimina chai. Selestini ndiye aliyekuwa anasimulia. Baba Shamila alikaa katikati ya wengine. Miongoni mwao alikuwepo Ndugu Sadallah, mtu mzima anayeuza vifaa vya baiskeli, ambaye amekuwa akija tangu mwanzo wa mwaka bila kufungua mdomo hata kwa salamu. Hadithi ilipofika mahali fulani, Sadallah akasema, polepole kabisa, "Mimi mwanangu yuko Mtwara. Hanipigii simu. Yeye anajua kwa nini, na mimi najua kwa nini."

Nikasikia benchi linaburuzwa, mtu anasogea karibu naye. Nikasikia sauti ya Selestini: "Tupo, ndugu yetu. Endelea ukitaka."

Muda si mrefu Baba Shamila akatoka nje. Nilidhani amepatwa na kizunguzungu. Alikaa kwenye ngazi, akafungua kamba za viatu, akavua viatu vyote viwili, akavipanga kando yake.

"Baba Shamila, kuna nini?"

"Miaka yote," alisema, "mtu akisema neno zito mle ndani, wenzake wananigeukia mimi. Wanataka kujua tufanye nini sasa. Leo Sadallah amesema." Akaanza kucheka, machozi yakimtoka, akiyafuta kwa mkono wa shati. "Hakuna hata mmoja aliyenigeukia, Mama Mudi. Wote walimtazama yeye."

Aliomba chai, akanywa vikombe viwili, akamaliza na maandazi yetu. Mama Shamila ananiambia siku ile alikula chakula cha usiku kama kijana, akalala kabla ya taarifa ya habari.

Basi, kwa niaba ya watumishi wote, wakubwa na wadogo, ahsante sana Baba Shamila. Ahsante kwa kisomo, kwa vumbi ulilokula, kwa wanaume uliowarudisha nyumbani wakiwa na la kusema. Mama Shamila, tunakurudishia mtu wako akiwa mzima na amechangamka. Ametuomba tuandike kwamba anajua kufuga kuku, nasi tumeandika, ukweli utauona mwenyewe. Mungu awape afya, wajukuu wenye maswali, na mchana mrefu wa kupumzika. Alhamisi darasa litakuwa wazi. Ukipita, Baba Shamila, ingia ukae popote. Benchi lolote ni lako.